Udi wa Kutwa: Shajara ya Kulinganisha Mafuta Manne

Kabla ya kuanza

Mafuta ya udi huhukumiwa chupa ikiwa bado mkononi. Mtu anafungua kifuniko, anagusisha kijiti kwenye ngozi, ananusa, anasema "haya mazuri" au "haya makali mno", na mjadala umekwisha. Mimi nataka kwenda kinyume na hapo. Kila mafuta nitayavaa siku ya kazi, tangu ninapofunga vifungo vya shati hadi ninapopanda kitandani, na nitaandika yanavyogeuka. Sitafuti mafuta bora kuliko yote. Natafuta yale yanayokalika nayo kutwa: kwenye kikao, kwenye lifti, kwenye kiti cha basi ukiwa umebanwa na watu ambao hawakukuomba uwanukishie chochote.

Chupa ziko nne, kila moja robo tola, yaani karibu gramu 3. A ni ya Assam, kaskazini-mashariki mwa India, mbao zake zimelowekwa muda mrefu kabla ya kukenekwa. B ina lebo ya Kambodi, ingawa muuzaji mwenyewe anasema miti ilipandwa shambani katika mkoa wa Trat, Thailand. Hakuna ajabu hapo. Katika biashara hii Kambodi ni jina la aina ya harufu kuliko jina la nchi. C ni ya Kalimantan, upande wa Indonesia wa kisiwa cha Borneo, imekenekwa kwa mtambo wa chuma cha pua bila kuloweka mbao sana. D ni ya Papua, na haitokani na Aquilaria, jenasi ya miti inayojulikana zaidi kwa udi, bali na Gyrinops, jenasi yake jirani.

Zote nne zimeanza na jeraha. Mti wenye afya una mbao nyeupe, nyepesi, isiyonukia chochote cha maana. Tawi likivunjika, mdudu akitoboa shina, kuvu ikapenya, mti unajihami kwa kutoa utomvu mzito unaoifanya mbao iwe nyeusi. Mbao hiyo iliyougua ndiyo udi. Hukatwakatwa, husagwa, hulowekwa, halafu hukenekwa, na mafuta yanayopatikana mara nyingi hayafiki hata asilimia 1 ya uzito wa mbao.

Masharti niliyojiwekea: kijiti cha kioo kiguse ngozi mara moja tu, upande wa ndani wa mkono, kati ya kifundo na kiwiko. Hakuna kusugua. Sabuni isiyo na harufu, mafuta ya kupaka yasiyo na harufu, na hakuna marashi mengine. Naandika ninapopaka, baada ya robo saa, baada ya saa moja, saa sita mchana, saa kumi na usiku.

Jumatatu. Chupa A

Saa moja na nusu asubuhi. Zizi. Sina neno jingine. Nyasi zilizolowa, samadi, ngozi ya mnyama ambayo haijakauka vizuri. Rangi ni ya kahawia iliyokoza, inakaribia kuwa nyekundu ukiiweka kwenye mwanga, na mafuta yenyewe ni mazito. Yanashuka kwenye kijiti polepole na kuacha utando.

Saa mbili na robo, kazini. Nimekutana na mama wa masijala kwenye ngazi. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akasimama.

"Mwanangu, umelala wapi wewe? Unanukia mbuzi."

"Ni udi, mama."

"Udi gani huo? Huo udi umefungiwa na mbuzi."

Hakuwa na ubaya, na hakukosea. Harufu hiyo inatoka kwenye pipa zaidi kuliko kwenye mti. Mbao iliyosagwa ikikaa majini siku nyingi huchacha, bakteria na kuvu hufanya kazi yao, na mtambo hubeba mazao ya uchachu huo pamoja na mafuta yenyewe. Wakenekaji wengi wa Assam wanaloweka makusudi, kwa kuwa wateja wa mafuta ya Hindi, yaani ya India, wanaitaka harufu hiyo na asiyeikuta anahisi ameuziwa kitu pungufu.

Saa sita mchana. Mbuzi wameondoka. Kimebaki kitu kama ngozi ya kiatu kipya, mbao kavu, na ukali mwembamba wa viungo vikavu. Nimeinua mkono nikidhani nimekosea mkono.

Saa nne usiku. Bado yapo. Mbao, utamu mdogo, chumvichumvi. Ningeanzia hapa asubuhi, ningeyaita mafuta ya kistaarabu.

Jumanne. Chupa B

Ya kupendwa haraka. Matunda yaliyoiva mno, asali, na nyuma yake mbao laini. Wawili kazini wameuliza ninapaka nini, na mama wa masijala amepita akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Kufika saa sita mchana yamekuwa bapa. Hayajapotea, yamebaki tamu tu, utamu wa aina moja usio na mahali pa kwenda. Jioni ni kama sabuni nzuri. Naliandika hili kwa tahadhari maana ni chupa moja tu, na shamba si tusi. Lakini miti ya mashambani hutobolewa na kutiwa kuvu au dawa makusudi, halafu mara nyingi huvunwa miaka michache tu baadaye, ilhali mti wa msituni unaweza kukaa na jeraha lake miongo kadhaa. Utomvu wa miaka michache una mengi ya kusema asubuhi na machache jioni. Hivyo ndivyo pua yangu ilivyousikia.

Jumatano

Sikupaka kitu. Ngozi ipumzike, na mkono wa shati ufuliwe, maana A bado inanukia kwenye pindo.

Alhamisi. Chupa C

Saa moja na nusu. Je, nimepaka kweli? Nimenusa mara mbili. Kuna ubaridi kidogo, kama hewa ya chumba kilichojengwa kwa mbao mpya, kisha kimya.

Saa mbili na nusu. Vanila hafifu. Uwazi. Hakuna aliyegundua chochote kazini, nami nilikuwa tayari kuandika kwamba chupa hii haina nguvu.

Saa tano, nikiwa naandika, harufu imenijia yenyewe bila mimi kuinama. Nimekunja mkono wa shati: pale nilipogusisha kijiti pana doa dogo linalong'aa, na kuzunguka doa hilo, kama upana wa sarafu, ngozi yote inanukia mbao, utomvu, na kitu kitamu kisicho sukari. Ukiweka pua karibu sana husikii kitu. Ukiinua kichwa kidogo, inakuja. Ukitembea, inakufuata hatua moja nyuma. Nimejaribu kuusogeza mkono polepole kutoka kifuani hadi puani. Harufu ina nguvu zaidi njiani kuliko mwisho wa safari.

Hii inaelezeka. Sehemu kubwa ya mafuta ya udi ni seskwitepini, kundi la molekuli nzito za mimea, na ndugu zake wenye oksijeni. Agarospiroli, mojawapo ya viambato vyake vinavyojulikana, ina uzito wa molekuli wa 222, wakati limonini, inayoyapa maganda ya chungwa harufu yake, ina 136. Vitu vizito hupaa polepole na huhitaji joto la ngozi. A inaficha ucheleweshaji huo kwa kelele za uchachu. C haina kelele, kwa hiyo inakulazimisha usubiri. Walionena kwamba kizuri chajiuza na kibaya chajitembeza labda hawakuwahi kuvaa mafuta ya Kalimantan, maana kizuri hiki hakijiuzi kabisa kabla ya saa tano.

Usiku bado yanakuja na kuondoka.

Ijumaa. Chupa D

Majani mabichi, udongo uliolowa, ubaridi wa kafuri, moshi. Kichwa kimeniuma kuanzia saa nne. Nimeosha mkono kwa mafuta ya kupaka kisha sabuni. Maji peke yake hayafanyi kitu.

Jumatatu. Kuhusu pua

Kabla ya kuendelea nimeona heri nichunguze chombo cha kupimia, yaani pua. Inazoea. Ukivaa kitu kimoja mfululizo, ubongo unaacha kukuletea habari zake, na hapo ndipo watu hupaka tena na tena mpaka wengine wanafungua madirisha. Wapo wanaonusa kahawa ili "kufuta" pua. Walioupima mtindo huo walikuta kahawa haishindi hewa ya kawaida. Kinachonisaidia ni kutoka nje kidogo na kurudi, au kunusa kitambaa safi cha shati upande wa bega.

Jambo la pili linahusu upofu wa pua. Molekuli fulani kubwa, hasa zile za jamii ya miski, wapo watu wasioweza kuzisikia kabisa, na hawajui kwamba hawazisikii. Kwa hiyo mtu akisema mafuta fulani "hayana mwisho", huenda mwisho upo ila haupo kwake. Tangu leo nimeweka safu nyingine kwenye daftari: mwenzangu nyumbani atanusa usiku na kuandika bila kuona nilichoandika mimi.

Jumanne. A mkono wa kushoto, C mkono wa kulia

Kuvaa mawili kwa pamoja kunasaidia kuliko nilivyotarajia. Asubuhi A inaimeza C. Lazima nikae mikono mbalimbali kama askari wa gwaride. Saa sita zinalingana nguvu. Saa kumi nimefumba macho na kunusa mkono mmoja baada ya mwingine: A ni kavu zaidi, ina ngozi, C ina utamu na hewa. Tofauti ipo, ila imekuwa ndogo kama ya ndugu wawili waliolelewa nyumba mbili.

Usiku mwenzangu ameandika: "Kushoto na kulia sawa. Kulia kumetulia zaidi."

Alhamisi. Bila lebo

Mwenzangu amebandika karatasi juu ya lebo na kuzipa chupa namba, kisha akazihamisha huku nikiwa chumba kingine. Rangi nayo inasema siri, kwa hiyo yeye ndiye anayepaka, mimi nikiwa nimegeuza uso.

Asubuhi nazitambua zote bila shida, mtoto angeweza. Tofauti ya A na C dakika tano za mwanzo ni tofauti ya zizi na karakana ya seremala. Lakini nikijaribiwa usiku, baada ya kutwa, nachanganya A na C. Sikosi kila mara wala sipati kila mara, nabahatisha. B naikamata kwa utamu wake. D naikamata kwa kafuri, ambayo haiondoki hata ukilala nayo.

Hili ndilo lililonifanya nisome daftari lote tangu mwanzo. Sifa tunazozipa nchi, kwamba Hindi ni kali ya mifugo, kwamba Borneo ni safi yenye hewa, nyingi zinaishi kwenye saa za mwanzo, na saa za mwanzo zinatawaliwa na maamuzi ya mkenekaji: mbao ilikaa majini kiasi gani, moto ulikuwa mkali kiasi gani, mtambo ni wa shaba au wa chuma. Mti wenyewe unasikika baadaye. Anayenunua kwa kunusa dakika mbili anachagua pipa.

Simaanishi kwamba asili ya mti haina maana. D imekataa kufanana na yeyote, na ni jenasi nyingine. Ila jina la nchi kwenye lebo nalichukulia sasa kama jina la mtindo wa kupika hadi chupa initoe wasiwasi.

Wajapani waliligusa hili zamani kwa njia yao. Katika kodo, sanaa yao ya kusikiliza udi, mbao hupangwa kwa mfumo wa rikkoku gomi, nchi sita na ladha tano. Madaraja yana majina yenye asili ya mahali, kama Rakoku na Sumotara, lakini kipande huwekwa kwenye daraja kwa namna kinavyonukia: utamu, ukali, uchungu, uchachu, chumvi. Ni mpango wa busara, na wala hautegemei neno la muuzaji.

Jumamosi. Kipande juu ya mkaa

Nje ya mpango kidogo. Nimechoma kipande cha mbao ya Kalimantan ili nilinganishe na C. Watu wengi huyakataa mafuta kwa sababu "hayanukii kama udi wa kuchoma", nami nilitaka kujua umbali ulivyo. Ni mkubwa. Moshi una utamu wa mviringo, karibu na lozi, ambao chupa haina kabisa.

Sababu ni kwamba mbao ya udi ina kundi la vitu viitwavyo kromoni. Ni vizito, havipandi vizuri na mvuke, hivyo vinabaki kwenye mtambo mafuta yanapotoka. Juu ya mkaa joto huvivunja na kutoa, pamoja na vingine, benzaldehidi, ambayo ndiyo harufu ya lozi chungu. Kumdai mkenekaji alete harufu ya moshi ndani ya chupa ni kumdai kitu ambacho chombo chake hakikibebi. Wanaouza mafuta yanayonukia moshi mtamu wa lozi ningewauliza wameongeza nini.

Jumatatu. Nguo na uhifadhi

A imeacha doa la kahawia kwenye shati jeupe na sabuni imelishindwa. Mafuta meusi yakae kwenye ngozi, au kwenye sufu nyeusi. Skafu yangu ya sufu niliyoigusisha C wiki iliyopita bado inanukia, na kwenye kitambaa mafuta hayabadiliki haraka, kwa kuwa hakuna joto la mwili. Unapata saa ya pili ya C kwa siku kadhaa. Si haba.

Chupa zimehamia kabatini, mbali na dirisha. Dropa yenye mpira nimeiondoa kwenye B. Mafuta ya namna hii hula mpira, na mpira uliolika hurudisha harufu yake ndani ya chupa. Kijiti cha kioo kinatosha.

Kwa wanaosafiri na chupa: Aquilaria malaccensis iliingizwa kwenye Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya viumbe vilivyo hatarini, mwaka 1995, na spishi zote za Aquilaria na Gyrinops zikafuata baada ya mkutano wa Bangkok wa 2004. Msamaha wa vitu binafsi unaishia mililita 24 za mafuta na kilo 1 ya vipande kwa mtu mmoja, na nchi ina haki ya kuwa kali zaidi ya hapo. Robo tola mfukoni haifiki popote karibu na kiwango hicho, lakini anayebeba mzigo wa ukoo mzima ajue.

Alhamisi. A tena, kifuniko wazi

Niliiacha A bila kifuniko saa kadhaa kila jioni, kwa siku chache, kabatini. Mbuzi wamepungua. Hawajaisha, na sitaki waishe. Harufu hiyo ikiondoka yote A inakuwa C yenye rangi nyeusi. Sasa asubuhi inaanza na ngozi na nyasi kavu. Mama wa masijala amepita karibu yangu saa mbili na nusu bila kusimama, nami nimeliandika hilo kama kipimo halali.

Kuhusu kipimo chenyewe: kugusa mara moja ni kiasi cha juu kwa A siku ya kazi. C inaruhusu kugusa mara mbili, moja mkononi na moja chini ya shingo, ndani ya kola. B naivaa kwa kujizuia, maana utamu wake hujaza chumba kabla hujaketi.

Jumapili, mvua

Nimeijaribu D tena, baridi ikiwa kali, tone nusu, juu ya skafu badala ya ngozi. Kichwa hakikuuma. Ubaridi wa kafuri ndani ya hewa baridi hausumbui. Unasikika kama sehemu ya hali ya hewa. Moshi nao umepata nafasi. Bado si mafuta ya ofisini, na mwenzangu ameandika neno moja tu, "dawa", lakini nimeifuta alama ya msalaba niliyokuwa nimeiweka kwenye ukurasa wake.

Hali ilivyo sasa

C ni ya siku za kazi, na ndiyo inayoisha haraka. A, ikiwa imepumua, naivaa mchana wa mapumziko ili nifaidi saa zake za jioni nikiwa nyumbani. B nampa mtu anayeanza. Ataipenda, na ni haki yake. D inangoja baridi.

Jaribio linalofuata linahitaji mbao moja iliyokenekwa mara mbili: fungu moja likiwa limelowekwa muda mrefu, jingine bila kulowekwa, mtambo uleule, moto uleule. Nimemwandikia mkenekaji anayefanya mafungu madogo na amekubali kunitengea gramu moja moja za kila fungu, akisema lililolowekwa halitatoka kwenye mtambo mpaka mwezi ujao. Lebo ataandika moja na mbili tu, na jibu atalifunga kwenye bahasha.